Sura ya Sita: Bei ya Lita Moja ya Upepo

"Niletee sababu, Inspekta," alisema mwendesha mashtaka Triviño kwenye simu. "Mashahidi unao wa kumwaga, na wote ni rafiki zake Ruth. Sababu ndiyo huna. Mimi ninayo: alinyimwa cheo, akakasirika, akachoma chumba cha mita. Wewe unaniambia kachoma mtu mwingine. Haya, huyo mwingine alichoma ili iweje?"

"Natafuta."

"Shauri linasikilizwa leo saa tisa. Hakimu akimrudisha rumande, jalada lake halitaguswa kwa miezi sita. Usije na maneno matupu."

Akakata. Inspekta Danica Ursic aliitupa simu kiti cha nyuma na kukanyaga mafuta. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu unusu asubuhi, na upepo wa Oktoba ulikuwa ukilisukuma gari kutoka ubavuni tangu watoke Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyezaliwa na kukulia huku, alilirudisha gari barabarani kwa mkono mmoja bila hata kufikiri.

Pembeni yake, ndani ya makoti mawili na skafu, alikaa Don Eliseo Choque. Alikuwa mhasibu wa kikosi cha makosa ya kiuchumi, mtu wa Iquique, kaskazini kule kwenye jangwa, aliyeletwa kusini kwa miaka mitatu yake ya mwisho kazini. Hakuna siku iliyopita bila yeye kuuliza ni nani aliyemchukia kiasi hicho.

"Majibu ya maabara yameingia," alisema, akisogeza karatasi karibu na miwani. "Shika usukani kwa mikono miwili, hutayapenda."

"Soma."

"Salfa, hakuna. Zile takataka nyingine ambazo mafuta ya kisimani hayazikosi, hakuna. Hii si petroli ya kituoni iliyomiminwa kwenye tangi lao, Inspekta. Imetengenezwa. Imetengenezwa kweli kweli."

Danica alipiga usukani kwa kiganja. Siku mbili nzima walikuwa wameshikilia wazo moja, kwamba kiwanda cha Viento Claro kinanunua petroli ya kawaida, kinaiingiza kwa siri na kuiuza kwa jina la petroli ya upepo. Walikuwa wamehesabu malori getini. Walikuwa wamemhoji dereva wa tangi hadi mzee wa watu akalia. Yote yale bure!

"Basi wanasema kweli," alisema.

"Hawasemi kweli! Nimepiga hesabu mara tatu."

"Nieleze tena. Nieleze kama unavyomweleza hakimu asiyetaka kusikiliza."

"Mafuta ya kisimani, kazi kubwa ilishafanyika chini ya ardhi kabla hata ya babu wa babu zetu. Wewe unachimba, unachemsha, unauza. Pipa moja ni lita mia na hamsini na tisa, kwa dola sabini. Lita haifiki nusu dola. Sasa hawa jamaa wanataka kuifanya kazi yote ile wenyewe, kuanzia mwanzo. Wachukue maji, wayapasue kwa umeme, wapate hidrojeni. Wavute hewa, waitoe kaboni. Waviunganishe vipate kuwa methanoli, kisha methanoli waigeuze petroli. Na kila hatua inakula umeme. Uniti ishirini na nne kwa lita, na hapo nimewaonea huruma. Bado mitambo, bado mishahara, bado vipuri kutoka Ulaya, bado siku ambazo upepo umelala."

"Huku haulali."

"Nimeona. Jumla, lita moja ni peso elfu nane na mia saba. Wao wameandika elfu moja mia sita na hamsini. Kituoni unajaza kwa elfu moja mia tatu. Yaani wamekaribia kisima! Hakuna mtu duniani aliyekaribia kisima. Na Jumatatu wanunuzi wa Hamburg wanakuja kusaini mkataba wa miaka kumi kwa ajili ya namba hiyo moja."

"Na mita zingetuonyesha umeme kiasi gani uliingia."

"Mita ni majivu."

Hapo ndipo Triviño alipokuwa amemshika Danica pabaya. Kama petroli imetengenezwa kweli, basi umeme umeliwa kweli, basi mita hazikuwa na siri ya kufichwa, na aliyezichoma alikuwa mtu mwenye kinyongo tu. Na mwenye kinyongo, kwa mujibu wa jalada, ni Ruth Oyarzo, opereta wa miaka thelathini na minne. Kadi yake ndiyo iliyofungua mlango wa chumba cha mita Jumanne saa sita na dakika thelathini na nane mchana. Dakika mbili baadaye, moshi. Mlinzi aliungua mikono akijaribu kuuzima moto, kwa hiyo Ruth alikuwa akitazama kifungo cha miaka mingi. Kwa siku tatu hakukana wala kukiri. Alikaa mbele ya Danica na mikono mapajani, akiangalia ukuta.

"Mtu asiye na kosa anapiga kelele," alisema Danica kwa hasira, akigeuza gari kuingia njia ya changarawe. "Anatukana. Anaita mama yake. Huyu ananyamaza! Nimtetee vipi mtu anayeninunia?"

Don Eliseo alifunga kifungo cha mwisho cha koti la pili.

*

Injinia Larraechea, meneja wa kiwanda, alikuwa mtu wa Santiago mwenye sauti laini na koti la gharama lililotundikwa vizuri nyuma ya kiti. Aliwapokea akiwa amesimama, saa mkononi.

"Inspekta, mara ya nne sasa. Nitakuandalia meza."

"Meza si lazima. Naomba kujua lita yenu inatokaje kwa bei ile."

"Ubunifu."

"Ubunifu gani?" aliuliza Don Eliseo.

"Wa siri ya biashara, bwana. Ningekueleza, kesho angenieleza mshindani wangu."

"Umeme wenu mnaununua au mnauzalisha?"

"Ule mtambo wa upepo mliouona mlimani ni wetu. Hatuchukui kitu cha mtu." Alitabasamu. "Mnajua bomba la gesi la mjini linapita kilomita mbili tu kutoka hapa? Nilipofika, niliwaambia wote: hilo hatuligusi. Hamburg wanataka upepo mtupu. Hakuna gesi kwenye kiwanda hiki, Inspekta, labda ule mtungi wa jikoni."

"Jumanne saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Kwenye simu na Hamburg. Nimeshakuambia mara tatu. Kadi iliyofungua mlango ilikuwa ya binti Oyarzo, hilo nalo nimeshakuambia." Alivuta koti lake. "Sasa mtaniwia radhi. Kampuni ndiyo mlalamikaji, na mimi naiwakilisha. Nikitoka sasa hivi nitapata hata nafasi ya kula kabla ya mahakama."

Alitoka. Danica alibaki akitazama kiti kitupu.

"Natamani kumkamata kwa lile tabasamu tu," alisema.

*

Bwalo la wafanyakazi lilikuwa chumba kirefu chenye meza sita, na pembeni hita ya gesi kubwa kama kabati, ikinguruma. Dirisha la juu yake lilikuwa wazi, na upepo ulikuwa ukipeperusha pazia hadi darini. Don Eliseo alisimama mlangoni akashika kifua. Kisha akaenda moja kwa moja dirishani, akalifunga na kukaa chini yake akipumua.

"Nani kafunga?"

Mpishi alikuwa Bi Uberlinda Chiguay, mwanamke mfupi wa kutoka kisiwa cha Chiloé mwenye mikono ya unga. Alipita kati ya meza, akalifungua dirisha tena kwa nguvu.

"Mama yangu, nakufa," alisema Don Eliseo.

"Hufi. Wewe ni wa kaskazini, mnakauka tu. Unataka kunichemsha na viazi vyangu?"

"Basi punguza hiyo hita!"

"Niipunguze kwa nini? Joto likizidi unafungua dirisha. Kwenu hawakufundishi kitu?"

"Muache mama wa watu, Don Eliseo," alisema Danica, akivuta kiti. Alikuwa amechoka na manung'uniko ya mzee huyu. Tangu Juni alikuwa akifunga madirisha ofisini, na yeye Danica akiyafungua nyuma yake. "Bi Uberlinda, nihadithie tena Jumanne."

Mpishi aliweka mezani sahani ya milcao, mikate ya viazi ya kwao, ya moto, na kibuyu cha chai ya yerba mate.

"Nimekuhadithia mpaka ulimi umeota sugu, mwanangu. Ruth alikaa hapo hapo ulipokaa. Alikula supu, akaomba tena. King'ora cha moto kilimkuta na kijiko mdomoni."

"Na kadi yake?"

"Msumarini, pale mlangoni, pamoja na za wenzake. Mimi mtu haingii kwangu na kamba shingoni. Wanainama, kadi inazama kwenye supu yangu. Nimelikataza hilo tangu siku ya kwanza."

"Kwa hiyo yeyote aliyepita mlangoni angeweza kuichukua."

"Hata wewe ungeichukua. Nimemwambia yule Triviño, anasema mimi rafiki yake Ruth. Kwani nilikuwa niwe adui yake?"

Danica alimega kipande cha milcao kwa hasira. Haya yote alikuwa nayo tangu Jumatano, na hayakumsaidia kitu. Nyuma yake Don Eliseo alikuwa ameinuka na kwenda kusimama mbele ya hita, karibu ya kuikumbatia.

"Hii kitu imewashwa mpaka mwisho," alinung'unika. "Mpaka mwisho, na dirisha wazi! Dhambi tupu."

"Ndivyo tunavyoishi, Don Eliseo. Nyumbani kwangu sasa hivi madirisha mawili yako wazi."

"Na gesi?"

"Gesi gani? Bili yangu ya mwezi hainunui hata jozi ya soksi."

"Yako ni ya bomba, Inspekta! Wewe unakaa mjini. Mimi kule nilikopanga Agua Fresca bomba halifiki, nanunua mtungi. Mtungi unanifilisi. Nalala na kofia. Nikiwasha hita nakaa mbele yake naiangalia kama mgonjwa, na nikisikia ufa wa dirisha unapitisha hewa, naujaza magazeti. Mtu wa mtungi hafungui dirisha. Hata awe wa huku huku. Hata awe wewe!"

Danica aliacha kutafuna.

"Sema tena."

"Nimesema nalala na kofia."

"La mwisho."

"Mtu wa mtungi hafungui dirisha."

Danica aliitazama hita. Kisha akajitukana kwa sauti, tusi refu la Kikroeshia alilorithi kwa nyanya yake. Mara nne alikuwa amekaa kwenye bwalo hili. Mara nne alikuwa amelisikia lile dirisha likigongagonga, na hakuliona, kwa sababu kwao kila nyumba iko hivyo. Injinia wa Santiago hakujua afiche nini. Na wao wa hapa hawakujua kuna kitu cha kuficha.

"Bi Uberlinda, mtungi wako uko wapi?"

"Nje, ukutani."

Ulikuwa nje, ukutani, umefungwa kwa mnyororo. Danica aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama ngoma. Akaunyanyua kwa mkono mmoja. Utando wa buibui ulikuwa umeziba koki.

"Huu ulibadilishwa lini?"

"Februari," alisema mpishi, aliyekuwa amewafuata akijifuta mikono.

"Na hita inawaka?"

"Tangu Februari haijazimwa. Walikuja mafundi, wakaniambia mama, sasa huna haja ya kusubiri mtungi, washa tu." Alimwangalia Danica, kisha Don Eliseo. "Kwani kuna ubaya? Si gesi ni gesi?"

*

Kibali cha upekuzi walikuwa nacho tangu Jumatano, cha kiwanda kizima. Bomba dogo lilitoka nyuma ya hita, limepakwa rangi nyeupe ya ukuta, likaambaa chini ya paa na kuingia kwenye jengo refu la mabati lenye maandishi makubwa ya bluu: NYUMBA YA HEWA. Humo, kwa mujibu wa vitabu vya kampuni, ndimo mafeni makubwa yalimovuta kaboni kutoka hewani. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Ufunguo anao Injinia," alisema mlinzi wa zamu. "Na Injinia kaenda mahakamani."

"Na mimi pia ninao," alisema Bi Uberlinda. "Viazi vyangu naweka humo. Mna baridi nzuri, na hamna kinachofanya kazi."

Don Eliseo alimtazama mama huyo kwa mapenzi ya ghafla.

Ndani, mafeni yalikuwa bado yamefungwa kwenye nailoni za kiwandani yalikotoka. Magunia ya viazi yalipangwa mbele yake hadi usawa wa kifua. Danica alivua koti, akaanza kuyasogeza. Mlinzi naye akamsaidia kwa aibu. Nyuma ya gunia la kumi na moja, bomba nene kama paja lilichomoza kutoka sakafuni, likapinda, likapitia koki nyekundu na kutokomea ukutani kuelekea mitamboni. Alipoweka kiganja juu yake alilisikia likitetema.

"Haya," alisema Don Eliseo taratibu. Alikuwa amekaa juu ya viazi na kutoa kalamu. "Haya, haya, haya. Gesi. Gesi ina kaboni yake tayari, ina hidrojeni yake tayari. Hupasui maji, huvuti hewa. Unaipasha moto na mvuke, unapata methanoli, methanoli unaigeuza petroli. Maabara haiwezi kukushika kwa salfa, kwa sababu ni kweli imetengenezwa. Umeme unatumia wa taa tu. Na kama hiyo gesi yenyewe unaiiba..." Aliandika, akapigia mstari. "Lita haifiki mia tano. Hiyo elfu moja mia sita na hamsini wameipanga tu ifanane na kweli."

"Na mita?"

"Mita zingeonyesha kwamba kiwanda cha kutengeneza petroli kwa umeme hakitumii umeme. Wageni wanakuja Jumatatu. Kitu cha kwanza wangesoma ni mita."

"Sababu," alisema Danica.

"Sababu, Inspekta. Na simu ya Hamburg hupigwa hata kando ya msumari wa kadi. Sababu ina koti la gharama."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Danica alicheka. Alichukua simu, akainama kupiga picha mahali bomba jipya lilipounganishwa na mkono wa koki. Kiungo kilikuwa kizuri mno. Mshono wa kuchomelea ulizunguka chuma kwa mawimbi madogo yaliyolingana, bila donge wala tundu, kazi ya mtu anayeipenda kazi yake. Na kando ya mshono, kwa nyundo na muhuri wa chuma, palikuwa pamepigwa namba: 217.

Kicheko kilimkauka. Wachomeleaji wote wa mabomba ya huku wana namba. Hupigwa kando ya kila kiungo, ili siku kikivuja ajulikane wa kulaumiwa. Mtu huyu alikuwa amechomelea bomba la wizi, usiri wote ule, magunia yote yale, kisha akapiga namba yake.

"Mwizi aliyesaini," alisema Don Eliseo.

"Mazoea. Mkono wake haujui kumaliza bila kupiga." Danica tayari alikuwa akiipigia ofisi ya chama cha wachomeleaji. Alitaja namba, akasubiri, akasikiliza, akashukuru. Kisha akakaa kwenye viazi karibu na mhasibu.

"Nani?"

"Nibaldo Oyarzo."

Don Eliseo alivua miwani. "Baba yake?"

"Kaka, yumo kwenye jalada lake. Ndiyo maana Ruth alinyamaza, mpumbavu yule! Alijua kuna bomba, alijua nani kalichomelea. Akisema mita zilichomwa kuficha nini, anamtaja kaka yake. Siku tatu namwambia nisaidie nikusaidie, anaangalia ukuta!"

Upepo uligonga mabati. Mlinzi alijifanya anapanga magunia.

"Ungeweza kupiga picha kutoka upande ule mwingine," alisema Don Eliseo, akiangalia kalamu yake. "Bomba linaonekana. Namba haionekani."

"Ningeweza."

Alisimama, akapiga picha nne. Zote zilipigwa kutoka upande wa namba. Kisha akampigia Nibaldo Oyarzo. Simu iliita mpaka ikachoka, naye akaacha ujumbe.

"Bwana Nibaldo, hapa ni Inspekta Ursic. Nimekiona kiungo chako. Saa tisa nakiweka mezani kwa hakimu, ili dada yako atoke. Ukija mwenyewe ukasema nani alikutuma, nitakaa upande wako. Usipokuja, nitakuja mimi. Na ujue nina hasira."

*

Ukumbi wa mahakama ulikuwa mdogo na wa moto. Ruth Oyarzo alikaa nyuma ya kizuizi cha mbao, nywele fupi, miwani imefungwa kwa plasta. Injinia Larraechea alikaa na mwanasheria wa kampuni, koti magotini. Triviño alizipokea picha mlangoni dakika nne kabla ya saa tisa. Alizitazama akiwa amesimama, kisha akamwangalia Danica na kuingia.

Ni lazima asifiwe kwa hilo: hakuzunguka. Alimweleza hakimu, mwanamke mwenye mvi na sauti kavu, kwamba upande wa mashtaka umepata ushahidi mpya. Kwamba kiwanda kinaendeshwa kwa gesi ya bomba la mjini. Kwamba mita zilizoteketea ndizo zingefichua jambo hilo. Kwamba mtuhumiwa hakuwa na faida yoyote kwa moto ule. Na kwamba haombi tena arudishwe rumande. Mwanasheria wa kampuni alisimama na kuketi mara mbili.

Picha ilipelekwa kwa Ruth aitazame, kama utaratibu unavyotaka. Aliisogeza karibu na miwani yenye plasta. Danica aliona vidole vyake vikiifunika ile namba.

"Una la kusema, binti?" aliuliza hakimu. "Si lazima."

Ruth alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu Danica kusikia sauti yake vizuri.

"Kiungo hiki nilichomelea mimi, mheshimiwa."

Ukumbi ukavuma. Danica alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka kuruka kile kizuizi amtikise. Mlango uko wazi, binti, umefunguliwa, pita!

"Wewe ni opereta," alisema hakimu. "Umesomea kuchomelea?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Na namba hii?"

"Niliazima muhuri."

"Kwa nani?"

Kabla Ruth hajajibu, sauti nene ilitoka benchi la mwisho, karibu na mlango.

"Muongo."

Alikuwa mwanamume mpana aliyevaa jaketi la ngozi lenye vitobo vya cheche, kofia mkononi. Hakuna aliyejua aliingia saa ngapi. Askari wa mlangoni alimsogelea, naye akamwinulia kiganja, taratibu, bila ugomvi.

"Samahani, mama hakimu. Huyu ni muongo. Huyu hajui kuwasha hata jiko bila kujiunguza nyusi. Anajifunza mwenyewe! Mshono ule? Miaka kumi na tisa nimejifunza mshono ule."

"Nibaldo, kaa chini," alisema Ruth.

"Sikai."

"Kaa chini, mjinga wewe! Una watoto!"

"Na watoto wangu wana shangazi. Siku tatu wananiuliza shangazi yuko wapi, nami nawadanganya yuko zamu." Akamgeukia hakimu. "Kiungo ni changu, mama hakimu. Mia mbili kumi na saba. Sitaki mwingine aseme ni chake. Na aliyeniambia ni bomba la halali, kisha akaniambia nikifungua mdomo dada yangu ndiye atakayebebeshwa kosa la moto, ni yule pale anayevaa koti."

Watu wote waligeuka. Injinia Larraechea alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Aliutazama mlango. Lakini Don Eliseo, aliyekuwa anatafuta mahali pasipo na upepo, alikuwa ameuegemea mlango huo kwa makoti yake yote mawili, na hakuonyesha dalili ya kusogea.

"Keti, Injinia," alisema hakimu.

Ilipotimu saa kumi na robo, Larraechea alikuwa amechukuliwa na askari wawili, na Nibaldo Oyarzo alikuwa amekaa mahali dada yake alipokuwa amekaa, akiandikisha maelezo. Triviño alikuwa amemwahidi Danica kwamba atamhesabu kuwa shahidi aliyejileta, kadiri sheria inavyoruhusu, na Danica alijua sheria haikuruhusu sana. Gesi ilikuwa imeibwa miezi minane, na mkono uliolitoboa bomba ulikuwa wa Nibaldo.

Karani alimpa Ruth bahasha yenye vitu vyake: kamba za viatu, funguo, kadi ya kazini. Alitia sahihi. Akavuta kiti, akakiweka nyuma ya kaka yake, akakaa.

Danica alimsogelea. Alikuwa na mengi ya kumwambia, mengine ya matusi.

"Umeachiwa, Ruth. Nenda nyumbani."

"Sikukuomba uniachie."

"Najua hukuniomba! Hukuniomba kitu, hukuniambia kitu. Ningejua Jumanne, kaka yako angekuja mwenyewe Jumanne, ingekuwa afadhali kwake. Sasa nenda nyumbani ukalale."

Ruth alimwinulia macho mekundu. Alikuwa ameinama, akipitisha kamba kwenye tundu la kiatu, na ncha yake iliyofumuka ilikataa kupita.

"Nikifika nyumbani peke yangu," aliuliza, "nimwambie nini mama yetu?"

Danica alipiga goti, akaichukua ile kamba, akaanza kuipitisha yeye.